Ubao Uliovikwa Sanda

Mwezi uliopita tulimzika Tonton Asumani, fundi wa frigo, yaani majokofu, na siku ya tatu ya matanga mtoto wake mkubwa, Ramazani, alisimama katikati ya viti vya plastiki, akashika kipaza sauti ambacho hakuna aliyekihitaji, akasema kwamba baba yake ndiye mtu wa kwanza kutengeneza mbao za kusimamia juu ya wimbi hapa Kisangani. Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo kabisa, hata wale ambao hawajawahi kuugusa ubao mmoja. Mama aliyekaa karibu nami akanigusa goti. "Aziza, uko nasikia? Si ni weye ulikuwa natengeneza ile vitu?" Nikamwambia anywe chai yake, inapoa. Wengi walitegemea nisimame, maana najulikana mjini hapa kwa mdomo, na sikatai. Lakini nilikaa, nikamaliza mkate wangu, nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo watu wananisifu kwa heshima niliyoonyesha, na sifa hizo zinanikera kuliko hotuba yenyewe. Haikuwa heshima. Nina miaka arobaini na sita, mikono yangu inanuka resini mpaka leo, na nitasema ilikuwa nini.

Niliingia atelier, karakana ya Tonton Asumani, nyuma ya maduka ya Makiso nikiwa msichana wa kwanza, na kwa muda wote niliokaa pale nilibaki wa kwanza na wa mwisho. Kilikuwa chumba kirefu chenye mlango mmoja, frigo zimesimama pande zote mbili milango wazi, na katikati njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Harufu yake naijua bado: mafuta ya kompresa, kutu, na samaki wa mtu fulani waliooza ndani kabla mwenye frigo hajakubali kwamba imekufa. Mchana tulikula kwenye meza ya bati, lituma ya ndizi iliyopondwa na pondu, majani ya muhogo yenye mafuta mengi, Tonton akichota kwanza. Alinifundisha kulehemu bomba la shaba bila kulitoboa. Alinifundisha kuweka sikio kwenye kompresa na kujua kama itamaliza wiki. Nasema alinifundisha, lakini hakuwa akisema kitu. Kwa mafundi wa ukoo ule wa kazi, mwalimu hasemi. Anafanya, na mwanafunzi anaiba kwa macho. Ukikosea, ananyamaza. Ukiuliza, anakutuma maji. Miaka ikitimia, anawaita mafundi wenzake, wanakusomea fatiha, na tangu hapo unaweza kufungua mlango wako mwenyewe ukaitwa fundi. Bila ile fatiha hakuna polisi atakayekufungia, ila jina lako mjini litakuwa mwizi. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kazi ambayo watu wakiitazama waseme, hii ya Aziza.

Mwaka ule ulianza nikiwa nimepiga magoti nyuma ya frigo ya bia katika nganda, baa moja karibu na bandari. Juu ya kaunta televisheni ilikuwa ikionyesha watu wamesimama juu ya ubao, na bahari inawasukuma. Bahari sijaiona mpaka leo. Nilisahau bisibisi mkononi. Rafiki yangu Riziki, aliyekuja kutoka Kindu kusomea uuguzi na aliyeogelea kuliko wanaume wote wa mtaa wetu, alikuwa amenifuata siku ile ili apate bia ya bure. Akaangalia, akacheka. "Wimbi yao inakimbia," akasema. "Wanaikimbilia. Yetu ya Tshopo si inabakia tu?" Alikuwa anasema kweli. Chini ya maporomoko ya Tshopo, maji yakipungua, yanapita juu ya jiwe bapa, yanainuka, na yanakaa yameinuka mahali pale pale mchana kutwa. Watoto walikuwa wakijitupa pale na vidumu vitupu vifuani. "Nitengenezee ile kitu," Riziki akasema. "Nitaisimamia." Nikamjibu nitaitengeneza. Nilisema kwa sababu nilikuwa na hasira na frigo ile, na kwa sababu nilijua imejazwa nini ukutani.

Kila frigo ina mousse, povu gumu la njano, kati ya bati la nje na plastiki ya ndani. Kwetu ilikuwa takataka, tulikuwa tunaichoma. Nikachukua ya frigo kuukuu tatu, nikaunganisha vipande kwa gundi, nikasugua umbo lake kwa bati lililotobolewa kwa misumari, lile la kukwangulia muhogo, nikapaka rangi ya mafuta. Ulionekana ubao wa maana! Riziki alilala juu yake majini, akapiga mikono, na kabla hajafika kwenye wimbi ukaanza kuzama polepole na yeye juu yake. Maji yalipomtupa kwenye jiwe ukavunjika vipande viwili. Alirudi ufukweni anachechemea, goti linatoka damu. "Aka! Ubao yako imekunywa maji kuliko miye," akasema, na akacheka, lakini mimi sikucheka. Usiku kucha niliona lile goti. Asubuhi nikaanza kufikiri kama fundi badala ya kufikiri kama mtu aliyeona televisheni. Frigo ya miaka ishirini imevuja ndani yake yenyewe miaka ishirini. Mousse yake imelowa, imechoka, ukiifinya inakuwa unga. Nikakata vipande vya kila frigo iliyoletwa, nikavizamisha kwenye ndoo chini ya jiwe siku nzima, kisha nikavipima kwa mizani ya muuza samaki kabla na baada. Tonton aliniona nikipima. Hakusema kitu.

Mousse iliyokataa maji kabisa ilikuwa ile nyeupe, frigolite, inayokuja imefunga televisheni na majiko ndani ya makatoni. Nyepesi mpaka upepo unaichukua. Wiki nyingi nilizunguka nyuma ya maduka kuiomba, nikaipanga, nikaibandika kwa gundi ya unga, nikaichonga. Umbo lile lilikuwa zuri, nasema bila aibu. Sasa ilihitaji ngozi. Mafundi wa bodi za magari walikuwa na résine, ile wanayozibia mashimo ya kutu, unachanganya na dawa ya kukazia inakuwa ngumu kama mfupa. Nikanunua kopo. Nikaweka ubao juu ya meza ya bati, Ijumaa baada ya sala, Tonton amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, mgeni wake mmoja pembeni. Nikamimina. Ikaanza kulia, tss, tss, na ule ubao wangu ukaanza kuingia ndani, shimo hapa, shimo pale, mpaka nikawa nashika brashi juu ya uji wa kijivu unaonuka. Nilipogeuka, Tonton alikuwa ameweka kikombe chini na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Tonton, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua résine inakula frigolite, na ukaniacha nimimine?"

"Alors? Sasa na weye unajua."

Nikatoka nje nikakaa nyuma ya ukuta wa makatoni uliotenga atelier na choo. Kule ndiko nilikosikia, na sikuwa nimejificha, nilikuwa nafuta machozi tu. Mgeni alisema, kwa huruma kidogo, kwamba mwanamke yule atavunjika moyo. Tonton akajibu: "Mwalimu yangu alinyamaza, miye nikaungua mikono iyi. Ule mutoto ataungua pia. Ndio namna kazi inaingia." Mgeni akauliza, na akishinda? "Akishinda, si iko mutoto ya atelier yangu? Itakuwa kazi ya Asumani." Wakacheka wote wawili, cheko la watu walioshiba. Nimelifikiri neno lile miaka ishirini na miwili na bado linanichemsha. Ukinyamaza ili nijifunze peke yangu, sawa, ni desturi, sikulaumu, hata mimi nimeiba kwa macho yangu vitu vingi vyako na nakushukuru. Lakini huwezi kunyamaza nikiungua, halafu ukasema nikipona. Kama neno hukunipa, basi neno si lako. Niliingia ndani, nikaosha meza, nikafanya kazi ya jioni yote bila kumtazama.

Mousse niliyoipata baadaye ilitoka kwenye congélateur, friza ya duka moja iliyoungua motor ikiwa na mwaka mmoja tu. Kuta zake zilikuwa nene kama kiganja, mousse ya njano kavu kabisa, na résine haiigusi ile ya njano. Nilijaribu kwanza kwa kipande kidogo, sasa nilikuwa na akili. Nilimwomba Tonton. Akasema, "Beba, iko takataka." Kwa hiyo Ramazani akitaka kuandika kwamba mousse ilitoka kwa baba yake, aandike, ni kweli, na aandike pia baba yake aliiitaje. Ubao ulihitaji uti wa mgongo usivunjike kama ule wa kwanza. Nilivuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga kwa mchonga mitumbwi mmoja, akanipa ufito wa mti mwekundu aliobakiza, akanikataza nisiuweke parasolier, ule mti mwepesi wanaotengenezea maboya ya nyavu. "Boya inaelea," alisema, "lakini boya aipigwi na jiwe." Mtu yule hakuwa mwalimu wangu, hakunijua, na alisema. Nikapasua mousse katikati kwa urefu, nikapachika ufito, nikabana kwa kamba za mpira wa baiskeli.

Ikabaki ngozi. Nilisikia kwamba wenye mali wanatumia kitambaa cha nyuzi za kioo. Mjini kwetu mwaka ule hakikuwepo. Nikajaribu pagne, kitenge cha kawaida. Pagne ina wanga na nta ndani ya uzi, résine haiingii, inakaa juu, na ikikauka unaibandua yote kwa ukucha. Nikajaribu gunia, likanywa kopo zima na kuwa zito. Kilichotakiwa ni pamba tupu, iliyofumwa karibu karibu, bila rangi, bila wanga. Kila Mwislamu wa Kisangani anajua kitambaa kile kinauzwa wapi na kinauzwa kwa nini. Nikaenda. Mwenye duka, mzee mpole, alikuwa anakunja vitenge. Nikamwambia mita sita za ile nyeupe.

"Inna lillahi," akasema, akaweka mkono kifuani. "Nani ametuacha?"

"Akuna mutu, Papa."

"Mwanamuke ao mwanaume? Juu vipande ya sanda yao aviko sawa."

"Papa, iko ubao."

Akaacha kukunja vitenge. "Ubao imekufa?"

Nikaeleza. Nilieleza wimbi, mousse, pagne, kila kitu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma kwenye rafu zake. Mwishowe alinikatia, lakini hakutaka kunipa mkononi, alikiweka juu ya meza nikakichukua mwenyewe. Nilipofika atelier, habari ilikuwa imenitangulia. Tonton alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo miwili. "Sanda inaingia nyumba yenye maiti," akasema. "Kwangu nani iko maiti?" Nikamwambia ni pamba, Tonton, ni pamba tu, maiti hawana mashamba yao ya pamba. Mafundi wa jirani wakacheka, na hapo nikajua nimeharibu. Akasema kwa sauti ya chini: "Aziza. Tupa ile kitambaa, urudi kwa kazi, na mwisho wa mwaka nitakusomea fatiha yako. Ao rudia nayo njia uliyotoka nayo." Nilikuwa nimetumika kwake miaka minne. Nikasema kwaheri Tonton, nikaweka kitambaa nje ya mlango, nikaingia kuchukua ubao wangu usio na ngozi, nikatoka nao kwa ubavu kati ya zile frigo kwa sababu njia ilikuwa ya mtu mmoja.

Riziki alikuwa amepanga chumba na mama yake, Mama Riziki, mama mwenye kuuza mikate ya muhogo na kusali kwa sauti. Tulifanyia kazi kwenye kibanda cha jikoni uani. Siku ya kwanza Mama Riziki alipoona kitambaa alibeba sufuria zake zote akazipeleka chumbani, akapika huko, moshi ukamtoa machozi. "Munamufunga mutoto yangu angali muzima!" Riziki akamwambia, "Mama, goti iliumia juu ubao ya kwanza ilikosa nguo." Siku ya pili kitambaa kilikuwa kinajikunja pembeni kila nikipaka, mikono miwili haikutosha, na mama yule akatoka chumbani ananung'unika, akashika ncha na kuivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea kukanda unga. "Vuta yako," akaniambia mimi. "Mbona uko nalegeza?" Tukapaka mara tatu, pande mbili. Kitambaa kilipokunywa résine kiligeuka wazi kabisa, na ufito mwekundu ukaonekana ndani. Mama Riziki akatazama, kisha akaleta ndizi za kuchoma, tukala hapo hapo kando yake, vidole vinanata. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Chini, karibu na mkia, niliandika jina langu kwa penseli kabla ya mpako wa mwisho, likakauka ndani, haliwezi kufutwa.

Toleka wa kwanza, mwendesha baiskeli ya abiria, alikataa kutubeba alipojua kitambaa ni nini. Habari ilikuwa mji mzima. Wa pili alikubali kwa sababu, alisema, yeye ni Mprotestanti. Tulipanda baiskeli yake na ubao kati yetu mpaka Tshopo, na tulipofika tulikuta watu kama wa sikukuu, wamekaa juu ya mawe na njugu zao, wamekuja kuona mtu anakufa. Najua walikuja kwa hilo, kwa sababu walikuwa wanasema wazi. Riziki akavua viatu. Nikamwambia, kama hutaki, acha. Nilikuwa naogopa. Jina lililokuwa ndani ya ubao lilikuwa langu. Akiumia, mtu wa kulaumiwa alikuwa na jina na jina lilionekana. "Aziza, funga mudomo," akasema, akaingia.

Alianguka mara ya kwanza. Mara ya pili maji yalimchukua mbali, akaogelea akarudi, na ubao ulipiga jiwe kwa sauti iliyonifanya nishike kichwa. Nikaukimbilia, nikaugeuza, nikaukagua kwa vidole: alama nyeupe, hakuna ufa, hakuna tone lililoingia. Mara ya tatu aliingia kwa upande, akaweka goti moja, lile lile, akaweka mguu, na akasimama. Maji yanakimbia chini yake na yeye hakimbii. Alibaki pale. Watu wakalipuka kwa kelele, na Mama Riziki, aliyetufuata kwa miguu, akapiga vigelegele vya mtu anayeozesha binti. Mimi nililia mbele za watu kama mtoto, sikujizuia.

Na hapo ndipo nilipomwona Tonton Asumani. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amesimama juu ya jiwe katikati ya mafundi wenzake, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Alinifungulia mikono. Akasema kwa sauti iliyofika kila mahali: "Munaona? Iyi iko kazi ya atelier ya Asumani! Mutoto yangu iyi! Kesho namusomea fatiha!" Watu wakapiga makofi. Fatiha yangu ilikuwa pale, hatua tano. Nilipaswa kwenda, kuinama, kushika mkono wake, kusema asante Tonton, na mlango wangu ungefunguliwa na kila fundi wa Makiso. Nilimpenda yule mzee. Mpaka leo nampenda.

Nikasema, "Apana, Tonton."

Makofi yakafa. Akauliza nimesemaje. Nikasema tena, polepole, ili asiseme hakusikia: "Apana. Ulinyamaza. Ile uliyonifundisha nitakushukuru mpaka kaburi. Iyi ukunifundisha. Iyi iko yangu na ya Riziki." Mtu nyuma yangu akasema mawee. Tonton akashusha mikono. Hakunitukana, hakupiga kelele. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama kompresa anayoisikiliza, kisha akashuka kwenye jiwe taratibu kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya msikitini, na wenzake wakamfuata.

Sikusomewa fatiha. Mafundi wa Makiso waliniita mwizi, na wengine wananiita hivyo mpaka leo wanaponiletea watoto wao niwatengenezee mbao. Nilifungua mlango wangu bila mtu kunifungulia, na wanaojifunza kwangu nawaambia siku ya kwanza, kabla hawajagusa kopo: résine inakula frigolite. Tonton na mimi tulipokutana barabarani tulisalimiana, habari ya nyumba, habari ya afya, tukapita. Hakuwahi tena kusema mbele ya mtu kwamba zile mbao ni zake. Kwa miaka ishirini na miwili, mtu akimsifia, alijibu, "Muulize Aziza." Hili nimelisikia kwa watu zaidi ya mmoja. Ramazani hakuwepo Tshopo siku ile, na hawezi kujua. Ndiyo maana kwenye matanga nilikaa kimya nikala mkate wangu. Kulikuwa na neno moja tu la kumwambia Tonton Asumani, na nilimwambia akiwa hai, machoni pake, na alisikia.